Paka Alizikwa, Viroboto Wakabaki

Katika nyumba za kupanga za Nairobi kuna mambo ambayo majirani huambiana bila haya. Utasikia ngazini habari za shinikizo la damu, za mume asiyeleta mshahara nyumbani, hata za mkopo wa chama uliokwama. Lakini ni nani amewahi kumsikia jirani akisema kwa sauti, "Kwangu kuna viroboto"? Thubutu! Mtu huona heri ajikune usiku kucha na asubuhi avae soksi za kufika magotini kuliko kulitamka neno hilo. Kisha akisikia kipaza sauti cha mchuuzi kikitangaza dawa ya panya, mende, kunguni na viroboto, humtuma mtoto ateremke mbio akanunue kichupa, na mtoto huonywa asimwambie mtu.

Aibu hiyo ndiyo iliyotuletea maafa katika flati zetu za Ngara mnamo 2023. Viroboto peke yao wasingeweza.

Tulihamia huko mwezi Machi, mvua ya masika ikianza. Nyumba ilikuwa na sakafu ya vipande vya mbao, kama zilivyojengwa nyumba nyingi za zamani upande huo wa mji, na ilikuwa imekaa tupu kwa karibu miezi miwili. Waliotutangulia walikuwa na mbwa, wakahama naye. Sisi hatukuwa na mnyama yeyote. Tulipiga deki kwa maji ya sabuni, mume wangu akapaka rangi ukuta wa jikoni, tukapanga vyombo. Usiku wa kwanza binti yetu wa miaka saba aliamka akilia, vifundo vya miguu vimejaa vipele vyekundu. Kufikia Jumatatu nilikuwa nikijikuna mbele ya mhariri wangu kama mtu mwenye upele.

Jirani wa orofa ya juu alipoiona miguu ya mtoto alisema ni mbu wa mvua. Nilimwona naye akijikuna, lakini sikusema kitu, kwa kuwa mgeni hamwumbui mwenyeji. Aliyesema ukweli alikuwa mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Murang'a kuiona nyumba mpya. Alivua kiatu, akakitazama kisigino chake, akacheka. "Hawa ni viroboto, mwanangu. Mbu hamng'ati mtu chini ya meza mchana." Mwanamke huyu alikulia katika nyumba ya udongo, akatolewa funza vidoleni kwa mwiba wa mchungwa. Kiroboto hawezi kumtia haya.

Nyumba isiyo na mnyama hupataje viroboto? Swali hilo nilikwenda nalo Kabete, kwa daktari wa mifugo niliyepata kumhoji zamani kwa makala nyingine. Alinichorea mambo yote nyuma ya bahasha, na tangu siku hiyo sijautazama ufagio kwa dharau.

Kiroboto anayewasumbua wanyama wetu wa nyumbani aghalabu ni yule aitwaye kiroboto wa paka, ingawa mbwa humbeba vilevile na binadamu humng'ata akikosa chakula bora. Jike akishapata damu ya kwanza huanza kutaga baada ya siku moja au mbili, na anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Humwagika mnyama anapotembea, anapojikuna na hasa anapolala, mithili ya chumvi katika pakiti iliyotoboka. Huangukia zulia, kochi na nyufa za sakafu. Huko huanguliwa na kuwa mabuu madogo meupe yanayokimbia mwanga, yakiishi kwa takataka na kwa kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Buu likishiba hujisokotea kifuko cha nyuzi, vumbi likagandamana juu yake, na hapo hata wewe mwenye macho makali huwezi kukitambua.

Ndani ya kifuko hicho ndimo kuna hila yote. Kiroboto aliyekwisha kukomaa anaweza kungoja humo kwa majuma, hata miezi kadhaa. Hungoja mtikisiko wa nyayo, joto la mwili na hewa tunayoitoa puani. Mlango ukifunguliwa, fanicha zikiburutwa na watoto wakirukaruka kwa furaha ya nyumba mpya, yeye hupasua kifuko na kutoka na njaa yake. Ndivyo tulivyokaribishwa Ngara.

Kwa makadirio ya wataalamu, wale unaowaona juu ya mnyama ni kama 5 tu katika kila 100. Hao 95 waliosalia ni mayai, mabuu na vifuko, nao wamo sakafuni na matandikoni. Mwenye kumwosha mbwa na kuacha nyumba hajafanya kitu. Na mwenye kumfukuza paka? Huyo ndiye niliyekuja kumwona kwa macho yangu.

Katika flati zetu alikuwapo paka wa mistari ya kijivu asiyekuwa na mwenyewe. Watoto wa orofa zote walimlisha mabaki ya omena na wali, naye alilipa deni kwa kukamata panya. Kwa kuwa hakuna aliyekiri kwamba kwake kuna viroboto, kila nyumba ilidhani ni yake peke yake, na kila nyumba kimyakimya ilimlaumu paka. Keateka alishatangaza kwamba siku moja atamtia guniani akamtupe Gikomba.

Jirani wa orofa ya kwanza, mama mwenye mtoto wa miezi tisa aliyekuwa ndio kwanza anatambaa, aliona afadhali kumtibu paka kuliko kumtupa. Moyo wake ulikuwa mwema, na hilo nalisema mapema. Alikwenda katika duka la dawa za mifugo, akapimiwa kidogo katika chupa ya soda dawa ya kupe inayonyunyiziwa ng'ombe. Alimwogesha paka kwa karai, kisha maji yale yale akayapigia deki sebuleni. Nilimkuta akianika kitambaa cha deki, nikamwuliza ni dawa gani hiyo inayonukia ngazi nzima. "Dada, hii ni ya jamii ya pareto tu," akaniambia. "Mimi nimezaliwa Nyandarua, pareto nimeichuma kwa mikono hii hii na sijafa."

Hapo ndipo lilipo kosa ambalo Wakenya wengi wanaweza kulifanya, maana pareto ni fahari yetu. Kwa miaka mingi nchi hii iliuzia dunia sehemu kubwa ya pareto yote iliyotumiwa, kutoka nyanda za juu za Molo, Kinangop na Kisii, na waliosomeshwa kwa maua hayo meupe si haba. Dawa ya ua lenyewe hudhoofika haraka ikipigwa na jua. Wanakemia waliiga dawa hiyo wakatengeneza ndugu zake viwandani, kama vile pamethrini na sipamethrini, walio na nguvu zaidi na wanaokaa muda mrefu zaidi. Ng'ombe huistahimili, na mbwa pia akipewa kipimo cha mbwa. Paka hawezi. Ini lake halina uwezo wa kuivunja sumu hiyo kama wanyama wengine, isitoshe yeye hujilamba mwili mzima, kwa hiyo kilichopakwa manyoyani huishia tumboni. Hata dawa ya viroboto ya mbwa, ile ya kudondoshea mgongoni, inaweza kumwua paka kwa sababu iyo hiyo.

Jioni ile paka alianza kutikisa masikio, kisha ngozi ya mgongo ikawa inarukaruka yenyewe. Kufikia saa mbili usiku alikuwa anatokwa na povu na kutetemeka mwili mzima. Watoto walimzunguka ngazini. Mama yule alimletea maziwa, kwa sababu sote tumelelewa tukiambiwa kwamba maziwa hukata sumu. Hayakati. Mnyama anayetetemeka anaweza hata kupaliwa nayo. Nilimpigia simu yule daktari wa Kabete, akatuelekeza tumwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, tumfunge taulo asipate baridi na kulipambazuka tumpeleke. Tulifanya hivyo. Alikufa saa tisa usiku. Asubuhi watoto walimzika nyuma ya matangi ya maji kabla ya basi la shule kuja, na binti yangu hakusema na mtu hadi Alhamisi.

Haikuishia hapo. Siku ya pili yule mtoto wa miezi tisa, ambaye kutwa hutambaa na kutia vidole kinywani, alianza kutapika, kukohoa na kububujikwa na mate. Alilazwa hospitalini siku mbili. Daktari wa watoto aliuliza swali moja tu la maana: sakafuni mmeweka nini? Mama akajibu kwa machozi, lakini chupa ya soda haikuwa na maandishi yoyote ya kumwonyesha daktari. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe.

Na viroboto je? Juma lililofuata walizidi. Wale waliokuwa wakimtegemea paka sasa hawakuwa na pengine pa kula isipokuwa kwenye miguu yetu, na vifuko vilivyokuwa nyufani vikaendelea kupasuka kila siku. Dawa nyingi haziwezi kupenya kifuko, hata ya ng'ombe.

Aliyeuvunja ukimya wa ploti nzima alikuwa mama mkwe. Siku moja aliketi ngazini akiambua minji, keateka akapita, naye akamwambia kwa sauti ya kusikika orofa zote, "Kijana wangu, nyumba hizi zote zina viroboto. Mnafanya nini?" Milango mitatu ilifunguliwa. Nilidhani watu watakasirika. Badala yake kila mmoja alitoka na miguu yake kuionyesha, na mwalimu mmoja wa shule ya upili, mtu mkimya asiyepata hata kusalimia, alikunja suruali kama mtoto.

Keateka alitaka magodoro yote yatolewe yachomwe. Wazo hilo si geni katika mji huu. Mwaka wa 1902 tauni ilipozuka katika soko la Wahindi hapa Nairobi, wakuu wa kikoloni waliliteketeza soko zima kwa moto. Woga wao ulikuwa na sababu, kwani mwaka wa 1898 daktari Mfaransa Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alikuwa ameonyesha kwamba kiroboto wa panya ndiye anayembebea binadamu tauni. Kiroboto wetu wa paka si yule wa panya, ingawa hana heri pia: mtoto akimmeza kwa bahati mbaya, anaweza kupata mnyoo aina ya tegu. Lakini godoro ni mali, na mwenye nyumba hakuwa tayari kumnunulia mtu jingine. Tulikataa moto.

Tulichofanya kilikuwa kazi ya kuchosha, na nisingependa mtu adhani kuna njia ya mkato. Kila nyumba ilifagia kila siku, si katikati ya chumba kama tunavyopenda, bali pembeni, chini ya makochi na kwenye nyufa, kwa brashi ngumu. Taka zilitiwa katika mfuko, ukafungwa na kutolewa nje papo hapo, kwa maana ukiziacha katika ndoo ya jikoni umewahamisha tu. Mwenye mashine ya kuvuta vumbi aliizungusha kwa majirani. Tulikuwa na moja katika orofa nne. Shuka, mablanketi na vitambaa vya kochi vilifuliwa kwa maji ya moto kila juma. Mikeka na mazulia yalianikwa juani juu ya paa kutwa nzima, kwa kuwa mabuu hayastahimili jua wala ukavu. Ndiyo sababu pia hustawi masika, nguo zinapokataa kukauka na madirisha yanapofungwa.

Usiku tuliweka sahani ya maji yenye sabuni sakafuni, chini ya taa ndogo. Viroboto hurukia mwanga na joto, wakaanguka majini. Maji matupu hayatoshi, kwa sababu kiroboto ni mwepesi na huelea. Sabuni ndiyo inayomzamisha. Mtego huo hauwamalizi, lakini unakupa hesabu. Hesabu nyingine ni ya soksi: vaa soksi nyeupe ndefu, tembea taratibu katika kila chumba kwa dakika chache, kisha uzitazame. Watoto walilipenda zoezi hilo kupita kiasi, wakaandika idadi ukutani kwa penseli, jambo ambalo mume wangu mwenye rangi yake mpya hakulifurahia.

Kwa upande wa dawa tulikubaliana jambo moja, nalo nalishikilia hadi leo. Hakuna kichupa kisicho na karatasi ya maelezo kitakachoingia mlangoni. Sheria ya mwaka wa 1982 kuhusu dawa za kuua wadudu inataka kila dawa isajiliwe na bodi ya PCPB, na nambari ya usajili huandikwa juu ya chupa. Dawa ya mchuuzi wa kipaza sauti, iliyotiwa katika chupa ya maji au kukunjwa katika karatasi, mara nyingi haina hata jina. Hujui ni nini, hujui inachanganywa vipi, na mtoto akiinywa daktari hatajua amtibu vipi. Tulichanga tukamwita fundi mwenye leseni, akanyunyiza dawa yenye kitu kinachozuia mayai kuanguliwa na mabuu kukua. Siku hiyo tulishinda nje na watoto hadi sakafu ikakauka, na baada ya majuma mawili akarudi kuwapata waliotoka vifukoni baadaye. Alituambia tusishangae kuwaona wengine kwa miezi miwili au mitatu. Hatukushangaa, lakini tulinung'unika.

Wenye mbwa na paka wana kazi ya ziada. Wanyama wote wa nyumba moja watibiwe siku moja, kila mmoja kwa dawa iliyoandikwa aina yake na uzito wake, na kwa vitoto vidogo umwulize kwanza daktari wa mifugo. Usipake mafuta ya taa. Huunguza ngozi, na mnyama huyalamba. Ugoro nao ni sumu, japo wazee waliutumia. Kama una shaka kwamba mnyama wako ana viroboto, mchane kwa kitana chenye meno ya karibu sana juu ya karatasi nyeupe yenye unyevu. Vumbi jeusi likigeuka jekundu, hiyo ni damu iliyokauka, na jibu umelipata. Wasio na fedha za kliniki za bei kali wanaweza kuuliza katika kliniki ya chuo kikuu kule Kabete, au kwa shirika la KSPCA mtaani Karen.

Mama mkwe alirudi Murang'a mwezi Mei. Kabla ya kuondoka alitaka kujua kama funza wa kwao na viroboto wetu ni ndugu. Ni ndugu kweli, ila funza ni mgeni katika bara letu. Aliletwa Angola na meli kutoka Brazil mwaka wa 1872, akavuka bara kwa nyayo za watu mpaka kwetu. "Basi naye alikuja kwa vumbi kama hao wenu," akasema, akachukua kikapu chake.

Mwezi Julai soksi zetu zilitoka nyeupe kwa juma zima, na binti yangu akaanza kuuliza habari za paka mwingine. Nilimwambia tungoje. Jioni moja mlango ukabishwa. Alikuwa mama wa orofa ya kwanza, mtoto mgongoni, ameshika jozi ya soksi.

"Dada, njoo uone," akasema kwa sauti, ngazini, milango ya watu ikiwa wazi. "Kwangu bado wamo wawili."

Nikachukua brashi, tukateremka.